Joto la Dalali

Kwetu kwenye miteremko ya Meru, ibada ya Jumapili haiishi mchungaji anapotoa baraka. Watu hutoka nje, husimama kwenye nyasi mbele ya kanisa, na vitu vyote vilivyoletwa kama sadaka hunadiwa hapo: mkungu wa ndizi, mayai kwenye sahani, kibuyu cha maziwa, magimbi, kuku aliyefungwa miguu, mara mojamoja mbuzi. Fedha huingia kanisani, na aliyenunua huondoka na kitu chake. Kwa miaka mingi aliyeendesha mnada huo alikuwa mwanamke mmoja, na sisi sote, wakubwa kwa watoto, tulimwita Dalali. Hata mume wake alimwita hivyo.

Sauti yake haikuwa kubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa hila yake. Alianza kwa kusema chini chini mpaka watu wakalazimika kusogea, na wakishasogea walikuwa wamekwisha. Mtu wa kwanza akitaja bei, alimjibu kwa upole, "Asante kwa salamu. Sasa taja bei." Alijua nani ameuza kahawa Ijumaa, mtoto wa nani amefaulu, na mashemeji gani wawili hawasemeshani. Hao alipenda kuwawekea kuku mmoja katikati. Niliwahi kuona yai moja likinunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena, likarudishwa tena, maana kwetu mnunuzi anaruhusiwa kulipa na kisha kukirudisha kitu kinadiwe upya. Yai lile lilipomponyoka mkononi na kupasuka alitaka kuendelea na ganda. Mchungaji akamzuia.

Mwanamke huyo huyo akiingia dukani alikuwa bubu. Sabuni, chumvi, kiberiti, alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa na kutoka ameinamisha kichwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini, naye akanieleza kwa ufupi sana: "Kanisani nauza cha Mungu. Dukani naomba changu." Niliyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili, lakini mimi hufikiria kila kitu kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miaka ile ambayo serikali iliacha kuwapangia wahitimu kazi. Tuliambiwa soko sasa ni huria, tukajitafutie. Nikarudi nyumbani na cheti changu. Mtu aliyesoma na hana kazi huwa mali ya kijiji: anaandikia watu barua, anapeleka wagonjwa mjini, anasoma maandishi ya Kiingereza kwenye makopo ya dawa za mimea. Ndivyo Dalali alivyokuja nyumbani asubuhi moja na kumwomba mama aniazime. Alisema anahitaji mtu wa kumsomea kitu. Mama alisema nichukuliwe tu, nilikuwa nakaa bure nikijitafuna kucha.

Njiani alinieleza kwa maneno machache, akiangalia mbele. Mwaka uliotangulia, alipoondoka na sisi tukaambiwa amekwenda kwa dada yake kutibiwa vidonda vya tumbo, alikuwa hospitali kubwa ya mbali. Walimtoa titi la kushoto. Ilikuwa saratani. Aliyejua ni mume wake peke yake, na sasa mimi. Daktari alimwambia uvimbe wa aina yake hulishwa na homoni za kike za mwili wenyewe, na kwamba kuna kidonge kinachouzuia usile. Kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano. Akikiacha, ugonjwa unaweza kurudi. Akikimaliza, ana nafasi nzuri ya kuzeeka.

"Basi nataka kuzeeka," alisema. "Unanisikia, Msomi? Nataka niwe kibibi kigomvi."

Duka la dawa la mjini lilikuwa jipya, na mtaa ule ulikuwa na mengine mapya pia. Wakati nakua, dawa kama ile usingeipata hata ukiwa na fedha, labda mtu akuletee kutoka Nairobi. Sasa kabati zilikuwa zimejaa mpaka juu, na kila kitu kina bei iliyobandikwa. Mume wake, mtu mpole wa maneno machache, alilisema jambo hilo vizuri kuliko mwalimu wetu yeyote wa uchumi: "Zamani tulikosa dawa. Sasa tunaikosa tukiiona."

Alichotaka nimsomee ni ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi. Tulikaa nje ya stendi, nikaisoma kwanza kimya kimya. Joto la ghafla. Misuli kukaza. Viungo kuuma. Kunenepa. Hasira. Damu kuganda miguuni. Mambo ya mfuko wa uzazi ambayo nilitamani nisiyajue. Nikaamua kutafsiri nusu tu, ile nusu ya upole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua karatasi, akaipima kwa macho juu mpaka chini.

"Karatasi ndefu hivi," alisema, "na maneno machache hivyo?"

Nikamsomea yote. Alijibu kila jambo kana kwamba limesimama mbele yake kwenye nyasi za kanisa. Joto, analo. Misuli kukaza, anayo, asubuhi. Kunenepa, nimwangalie mwenyewe. Hasira, nikamuulize mume wake. Damu kuganda hana, nimweke pembeni huyo, ila nimwambie dalili zake zikoje ili akija amjue. Nilipomaliza alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilidhani nachanganyikiwa," alisema. "Kumbe ni kidonge."

Alirudi nyumbani amechangamka. Mimi ndiye niliyeumwa. Kwa wiki nzima nilikuwa najibonyeza miguu nikitafuta damu iliyoganda, mimi ambaye sikuwa nimemeza kitu.

Joto lake lilikuwa la kuona. Mwezi wa saba kwetu ukungu unakaa mpaka saa sita, watu wamevaa makoti mazito ya mitumba na soksi mbili mbili, na yeye amekaa mlangoni na blauzi nyepesi. Katikati ya mazungumzo jasho lilimtoka juu ya mdomo, kisha kwenye paji la uso, kisha shingoni. Hakulalamika. Alinyamaza tu na kusubiri, kama mtu anayepisha lori barabarani, na likishapita aliendelea na neno alilokuwa ameliacha. Alijifunza kukaa nalo. Chai aliiacha ipoe mpaka ikatengeneza utando. Loshoro, mahindi yetu yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, aliipenda ya jana, iliyolala kwenye baridi. Chini ya kanga alivaa kitambaa kilicholowa maji shingoni. Vidole vyake vilikuwa vinaamka vigumu, kwa hiyo kabla ya kukamua alivitumbukiza kwenye maji ya moto, kwa sababu, alisema, ng'ombe hataki kusikia habari za homoni. Misuli ya miguu ikikaza alitembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi, akiyasemesha magonjwa yake kwa Kimeru, maneno ambayo mama alikataa kunifafanulia. Na hasira ikimshika alimgombeza mume wake kwa sababu ya chumvi, halafu baada ya muda alimkaangia yai. Mzee alinenepa miaka ile.

Lakini jasho kwenye baridi halina maelezo mengi kijijini. Watu walimwona Dalali hanywi chai ya moto, anatoka nje katikati ya mahubiri, anarudi uso unang'aa, na wakafikia jibu lao: anakunywa. Mmoja wa akina mama wa kikundi cha wanawake, mwenyekiti wao, alisema amemsikia harufu ya gongo. Kwetu mwanamume akinywa ni mwanamume amekunywa. Mwanamke anayeshika vitu vya madhabahuni akinywa ni kikao cha wazee. Hawakumwita wala kumuuliza. Walimwambia tu apumzike kidogo, na mnada akapewa mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mkuu mstaafu. Dalali aliitikia na kwenda kukaa kwenye benchi la wanawake.

Nilimsihi awaambie ukweli. Nilikuwa nimeuandaa hata utaratibu wake, nani aanze kuambiwa na kwa maneno gani. Alikataa. Alisema wakijua, siku atakayorudi kunadi watanunua kwa kumhurumia, na kuku wa huruma hana bei.

Kipindi hicho hicho ndipo nilipouona wembe. Ulikuwa juu ya meza yake, kando ya kopo la vidonge, na ndani ya kopo mlikuwa na nusu nusu. Alinieleza bila kuona haya, kwa fahari kidogo hata. Ukikata kidonge katikati, bei inapungua nusu na joto linapungua nusu. Mnunuzi mwerevu angefanya nini tena? Nilienda mjini peke yangu, nikamsubiri daktari wa kliniki mpaka mchana, nikamuuliza. Nikarudi nikamkuta anachambua maharage.

"Mama, daktari anasema nusu haitoshi."

"Anavimeza yeye?"

"Anasema nusu ni kama hakuna. Anasema ugonjwa unaweza kurudi."

Aliendelea kuchambua. "Wewe hasa unaogopa nini, Msomi? Maana wewe unaogopa vitu vingi. Nitajie kimoja."

"Naogopa utakufa."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Haya," alisema. "Hicho nimekisikia. Sasa na mimi nikuulize. Cha kununua kizima kitoke wapi? Kwenye kahawa hii?"

Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja mpaka mashambani na mizani zao. Mwaka wa kwanza walilipa vizuri tukawashangilia. Mwaka uliofuata walilipa walivyotaka. Nilimwambia aombe, kikundi cha wanawake kipo, kanisa lipo. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atembee uchi barabarani.

"Sijui kuomba. Ningejua kuomba ningekuwa mwinjilisti."

Hatukusemeshana mpaka Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo kanisa hujaa mpaka nje, na vitu vya mnada huwa vingi. Mwalimu mkuu alikuwa ananadi kama anayeita mahudhurio darasani, na watu walikuwa wananunua kwa adabu, bei za chini. Dalali alikaa benchi la mbele, mimi nyuma yake. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga fedha ya vidonge. Jumatatu alikuwa na safari ya mjini. Ilikuwa ya vidonge vya kukata, nilijua.

Akaletwa beberu mweupe, mzuri, mwenye ndevu za heshima. Mwenye lori la nyanya akataja bei. Na hapo hapo joto likamshika Dalali. Alichukua kitabu cha nyimbo akaanza kujipepea usoni.

Mwalimu mkuu alikuwa anamwogopa tangu apewe kazi yake, na nadhani alifurahi sana kumwona ameinua mkono. Akapandisha bei, akamwelekezea kidole yeye. Mwenye lori akaongeza. Dalali, macho amefumba, akajipepea kwa nguvu zaidi. Bei ikapanda tena. Mimi nilikuwa naona kinachoendelea. Nikawaza nipige kelele. Nikawaza nikipiga kelele wataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini siri itatoka, na ikitoka kupitia kwangu nitakuwa nimemsaliti. Nikawaza labda nimguse bega, lakini nikimgusa atashtuka na kuinua mkono mwingine. Nilipomaliza kuwaza, mbuzi alikuwa wake.

"Mara ya tatu," alisema mwalimu mkuu. "Amekwenda kwa Dalali."

Alifumbua macho. Alikiangalia kitabu mkononi, akamwangalia mbuzi, akaelewa. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake akasema kwa sauti iliyotosha, "Leo ameanza mapema." Watu wakacheka.

Kwetu kosa la mnadani halirudishwi. Ukishatajwa, unalipa. Unaweza kukirudisha kitu kinadiwe tena, lakini kwanza ulipe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia sheria hiyo miaka yote, bila huruma, na kila mtu pale alikuwa amewahi kuumizwa nayo. Wakamsubiri.

Alisimama taratibu, magoti yakimbishia. Akafungua pindo la kanga na kumpa mtunza hazina fedha yote. Haikutosha. Mume wake akatoka upande wa wanaume, akageuza mifuko yake nje, akaongeza, akarudi kusimama mahali pake bila kuuliza kitu. Kisha Dalali akaenda mpaka mbele akashika kamba ya mbuzi.

"Mwalimu mkuu, asante. Umeuza vizuri. Sasa kakae."

Watu wakacheka tena, kicheko kingine. Aliwaacha wamalize, kisha akaanza chini chini, na kama kawaida wakasogea.

"Mimi sikutaka mbuzi. Nilikuwa najipepea. Na mnaosema nakunywa, sinywi. Nina titi moja."

Mtunza hazina aliacha kuhesabu fedha.

"La pili lilikuwa na saratani, wakalitoa. Kuna kidonge nameza ugonjwa usirudi, na kidonge hicho ndicho kinachonichemsha namna hii. Fedha niliyolipa sasa hivi ilikuwa yake. Kanisa limepata chake, silidai. Lakini mbuzi sasa ni wangu, na namuuza, na sitaki mtu ainunue saratani. Mnanunua mbuzi. Angalieni mgongo huu. Angalieni miguu. Huyu akiingia zizini kwako majike watasimama wima. Haya, nani ananisalimia?"

Mwenye lori la nyanya akataja bei, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

"Asante kwa salamu," alisema Dalali. "Sasa taja bei."

Sijawahi kuona mnada kama ule. Aliwachokoza, akawataja kwa watoto wao na mavuno yao, akawasukuma mashemeji waliokuwa hawasemeshani mpaka wakaungana kununua pamoja. Mwenye lori alimnunua mbuzi, akalipa, akamrudisha. Mashemeji wakamnunua, wakamrudisha. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, uso ameuinamisha, akanunua kwa niaba ya wenzake, akalipa, akataka kumrudisha naye. Dalali akakataa.

"Hapana. Mbuzi amechoka, na mimi joto linarudi. Huyu utakwenda naye nyumbani, mama, umfuge, kila akilia unikumbuke."

Akavuta kile kitambaa kilicholowa kutoka chini ya kanga, akajifuta shingo mbele ya watu wote.

Watu walipotawanyika nilimwona mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akimsogelea ukutani mwa kanisa na kumnong'oneza. Dalali aliwafukuza waliokuwa karibu, akaingiza mkono ndani ya blauzi ya yule mwanamke, akapapasa, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake tulikwenda mjini watatu. Yule mwanamke yupo mpaka leo. Mwingine aliyekuja baadaye alikuwa amechelewa, na Jumapili alipozikwa mwanamke huyo, Dalali hakunadi kitu. Vitu vilikaa kwenye nyasi mpaka watu wakavichukua wenyewe na kuacha fedha kwenye kapu.

Wembe ulirudi kwenye kazi za wembe. Kazi yake ya mnada alirudishiwa bila mtu kuomba radhi, ila mwalimu mkuu alimpelekea asali. Tangu hapo kitambaa cha maji alikivaa wazi. Joto likimkuta katikati ya bei alisema, "Ngojeni," na watu walingoja, jumuiya nzima na mchungaji wake, mpaka lipite. Watoto walipocheza mnada shuleni, aliyeigiza kuwa yeye alijipepea kwa daftari, na hakuna aliyemcheka.

Na dukani alipata sauti. Maduka ya dawa yalizidi kuongezeka, vidonge vya kutoka India vikaja, naye aligundua kwamba wenye maduka wanagombania wateja kama mashemeji wanavyogombania kuku. Aliingia duka la kwanza akauliza, akaingia la pili akamtajia bei ya yule wa kwanza akiwa ameipunguza, akarudi kwa wa kwanza. Nilikuwa nasimama mlangoni nikiona aibu kwa niaba yake. Nilimuuliza imekuwaje, mbona siku hizi anaweza kuomba chake. Alisema hajaomba, ananadi kurudi nyuma.

Hatimaye na mimi nikapata kazi, kwenye ofisi ya kampuni ya watalii, nikapanga chumba Sokon One, kule kule mjini, na nikawa namwona mara chache. Kisha mchana mmoja nikasikia sauti ya chini mlangoni pa ofisi ikiniambia nitoke. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi. Alikuwa anatoka kliniki. Daktari alikuwa amempima, akasoma faili lake, akamwambia miaka mitano imetimia na vidonge basi.

Nilianza kulia, kisha nikaanza kumuuliza kama daktari ana uhakika, na kama asingepaswa kumpima tena. Aliniambia ninyamaze, nimsindikize, anataka kupiga picha. Tangu alipofanyiwa upasuaji hakuwa amekubali kupigwa picha hata moja, hata kwenye harusi ya binti yake.

Studio ilikuwa mtaa wa pili, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inayoruka juu yake. Mpiga picha, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alimkalisha kwenye kiti, akaangalia kwenye kamera, akasita. Akanijia mimi pembeni. Kwa sauti ya chini akasema gauni la mama limelala upande mmoja, ila yeye ana taulo dogo, akina mama wengine huliweka, na picha ikitoka hakuna anayejua. Alisema kwa wema kabisa. Mimi nikaanza kutafuta namna ya kulifikisha jambo hilo.

"Fundi," alisema Dalali kutoka kwenye kiti, "taulo la nini?"

"Ili utoke vizuri, mama. Pande zote zilingane."

"Shikamoo hujanipa, taulo unataka kunipa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alivua kanga mabegani, akaikunja, akanipa nishike. Akakaa wima, kifua mbele, gauni limelala bapa upande wa kushoto.

"Piga hivi hivi. Upande huu nimeulipia miaka mitano, nataka uonekane."

Mpiga picha aliliweka taulo chini. Alikwenda kwenye taa, akaigeuza taratibu mpaka mwanga ukaangukia upande ule wa kushoto, akarudi, akainama. Mwanga ukamulika. Dalali hakupepesa macho.

"Hiyo ya watoto," alisema. "Sasa piga yangu, nikicheka."